Mpishi Aliyeondoa Ngano Nyumbani Kwetu

Jina lake nalijua, lakini silitumii, kwa sababu hata yeye hakulitumia. Ukimwita kwa jina aliangalia nyuma, akadhani kuna mtu mwingine anaitwa. Ukisema "Mpishi" aligeuka mara moja. Hapa mtaani kwetu Ngokolo karibu sote tunaitwa kwa watoto wetu, na mimi ni Mama Minza hata kwa wateja wanaoniletea nguo kushona. Yeye peke yake alibaki na kazi yake kama jina, na alijivunia sana. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sikuwahi kuuliza. Aliyethubutu kuuliza alijibiwa kwamba habari hizo haziongezi chumvi kwenye mchuzi.

Ninachojua ni kwamba alipika miaka mingi kwenye kambi moja ya wachimbaji upande wa Geita. Alipikia wanaoshuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na wanaokaa ofisini, Wasukuma, Wahaya, Wazinza na wazungu wawili watatu. Kambi ilipofungwa akaja Shinyanga, akapanga chumba na jiko upande wa pili wa ua wetu wa minyaa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyojaa alama za kuungua, na hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Mwaka wa kwanza wote tulisalimiana tu. Nilimwona kama mzee mwenye maringo, na sikukosea.

Tulifahamiana kwa sababu ya mwanangu. Minza alikuwa na miaka mitano, na alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Tumbo limejaa, miguu imekonda, kuharisha hakukatiki, na wenzake wa rika lake walishamzidi kichwa kizima. Baba yake anafanya kazi mgodini Geita, anarudi kwa zamu, na kila akirudi alimkuta mtoto mwepesi kuliko alivyomwacha. Tulienda hospitali nyingi, mwisho tukafika Mwanza. Daktari akasema tumbo la mtoto halipatani na ngano, tena maziwa nayo tuyaache kabisa. Nikarudi nyumbani, nikafuta mkate, chapati na maandazi. Miezi miwili ikapita, mtoto hakubadilika.

Siku moja Mpishi alisimama upande wake wa ua, sufuria mkononi.

"Mama Minza."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtoto bado anaharisha?"

"Bado."

"Mkate nimesikia umeacha. Asubuhi anakula nini?"

"Uji wa lishe."

"Niletee huo unga."

Nikamletea kibakuli. Akamimina maji kidogo, akaukanda mpaka ukawa donge, akaliacha kwa muda huku ananiuliza habari za cherehani yangu, jambo ambalo hakuwahi kuuliza. Kisha akalichukua donge lile mpaka bombani na kulikamua polepole chini ya maji. Unga wa mahindi ukaondoka, mtama ukaondoka, ulezi nao ukaondoka. Kiganjani kikabaki kitu kidogo cha kijivu, kinavutika kama ulimbo.

"Hii ndiyo ngano," alisema. "Nani aliiweka?"

Niliiweka mimi. Nilisikia kwamba uji wa mtoto mgonjwa uchanganywe nafaka nyingi iwezekanavyo, basi nikanunua ngano kwa mkono wangu, nikaiosha, nikaianika kwenye mkeka, nikaipeleka mashine pamoja na vingine. Daktari alipotaja ngano mimi nilisikia mkate. Uji haukunijia akilini hata siku moja, kwa sababu uji ulikuwa dawa. Nililia palepale bombani. Asubuhi na jioni nilikuwa namlisha mwanangu ugonjwa kwa kijiko, tena kwa kumbembeleza.

Mpishi alinitazama nikilia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Halafu akasema, "Ukimaliza, lete ndoo safi. Kesho tunakwenda mashine."

Kwenda mashine na Mpishi ilikuwa adhabu. Alitaka kuwa wa kwanza kabisa, kabla mtu mwingine hajamimina chochote, kwa sababu mashine ileile inayosaga mahindi yako leo, jana ilisaga ngano ya mwenye mgahawa. Na hata akiwa wa kwanza hakuridhika. Alibeba mahindi yake ya pembeni, akayasagisha kwanza ili yatoke na mabaki yote, na unga ule akawapa kuku wa mwenye mashine. Ndipo mtama wetu ulipoingia. Wanawake kwenye foleni walimnung'unikia.

"Mzee, unasaga mara mbili?"

"Nasaga mara moja. Ile ya kwanza nilikuwa naosha."

"Mashine inaoshwa kwa mahindi? Watu wana njaa, wewe unalisha kuku!"

"Kuku hawaharishi," alijibu, akageuka zake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baada ya wiki sita za unga ule, Minza alianza kwenda chooni kama watoto wengine, na aibu yangu ya foleni ikaisha yenyewe.

Sasa niseme habari ya kitunguu saumu, maana bila hicho picha ya mtu huyu haikamiliki. Ukiondoa maziwa, samli na ngano kwenye jiko la Shinyanga, wengi watakuambia umeondoa chakula chote. Kwetu samli inaingia kwenye maharage, kwenye mboga, kwenye wali wa wageni. Mpishi alisema hapana, kinachotafutwa kwenye samli ni ile harufu inayomfanya mtu avute kigoda, na harufu hiyo anayo mwingine. Alinunua saumu kwa mafungu makubwa na kuyatundika jikoni kwenye msumari. Hakuikata kwa kisu. Aliiponda kwa jiwe pamoja na chumvi ya mawe, akaiacha ipumzike wakati anaosha mboga. Kisha akaitia kwenye mafuta ya alizeti yakiwa bado baridi, na moto mdogo, ipate joto pamoja nayo taratibu. Ikibadilika rangi kupita alivyotaka, alimwaga sufuria nzima bila kujadiliana. Niliwahi kumwambia kwamba ile bado inafaa. Akaniambia saumu iliyoungua ina kinyongo, itakusema mpaka kesho.

Kwa mikono ile nilijifunza kupika upya. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nilikuwa naichemsha na karanga tu kama mama yangu. Mpishi aliviponda vikiwa vya moto, akavirushia saumu na chumvi, na Minza akamaliza sahani. Mchicha aliupika kwa karanga mbichi zilizosagwa. Sato, samaki wa ziwani aliyeletwa na basi la Chato, alimfunga kwenye jani la mgomba pamoja na saumu, ndimu na pilipili hoho, akamweka juu ya mvuke. Wali aliupika kwa mchuzi wa kuku wa kienyeji. Karanga alizilowesha usiku kucha, akazisaga na kuzichuja kwa kitambaa, likatoka tui jeupe la kutia kwenye uji wa mtama, na mtoto akaamini ni maziwa. Mchuzi ukihitaji uzito, aliutia unga wa muhogo kidogo uliokorogwa na maji. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho hakikuwepo sokoni kwetu siku zote, na hilo lilinifedhehesha kidogo.

Minza alinawiri, lakini alinukia. Shuleni wakamwita Saumu, akarudi analia. Nilimwomba Mpishi apunguze. Alikataa katakata, akamwita mtoto, akamuuliza, "Wanaokuita hivyo, umewashinda mbio au hujawashinda?" Minza akasema amewashinda wawili. "Basi bado wangapi?" Sikuona kama hilo ni jibu, lakini mtoto aliondoka akiwa ameacha kulia. Mzee huyu hakujua kubembeleza. Hakuwahi kunisifia chakula changu hata kimoja. Kikiwa kibaya alisema kibaya, kikiwa kizuri aliuliza kama chumvi imepanda bei.

Alikuwa pia mgomvi wa madukani. Alitembea na kioo cha kukuzia maandishi mfukoni, na kila pakiti ya viungo aliisoma mpaka mwisho, maana alidai ngano imejificha humo. Mwenye duka letu la pembeni kila akimwona anakuja aliguna. "Mpishi, unanunua au unafanya mtihani?" Alijibu kwamba anafanya mtihani na mwenye duka ndiye anayefeli. Kwenye harusi hakupika kamwe, hata walipomwomba kwa heshima zote. Alisema pilau ya watu mia tano ni kazi ya ujenzi. Lakini alikwenda kula, na alikula chapati tatu.

Hapo ndipo penye kichekesho chake. Mtu aliyefukuza ngano nyumbani kwangu alipenda chapati kuliko mtu yeyote ninayemjua, na aliyefukuza maziwa alikuwa mnywaji wa maziwa namba moja Ngokolo. Nililijua hilo kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi Ushirombo, ana ng'ombe, ni mtu wa kanisa na mtu wa watu. Kila akija kututembelea alibeba kibuyu cha maziwa mgando, na kibuyu hicho ndicho upendo wake. Nilipomweleza habari ya daktari alinisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, na siku ya pili nikiwa kwa mteja akamnywesha Minza kikombe kizima. Mtoto aliumwa siku tatu. Mimi nilikasirika, lakini utamwambia nini mama aliyemzaa mumeo?

"Ng'wana wa Kisukuma asinywe maziwa?" alisema, akiwa ameumia kweli. "Nitarudi na kibuyu nilichokuja nacho? Watasema mke wa mwanangu amenirudisha."

Mpishi alikuja jioni hiyo kuulizia hali ya mtoto. Akamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yake, "Mwadila mayu," akakaa kwenye kigoda chini kuliko yeye, akasikiliza malalamiko yote. Halafu akauliza kibuyu kiko wapi. Akakipokea kwa mikono miwili na kukitikisa, kisha akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Alikimaliza. Akafuta midomo na kusema, "Mayu, maziwa yako hayarudi. Mtoto huyu tumbo lake limekataa, mimi ndiye nitakayemnywea. Ukija tena, lete makubwa zaidi."

Mama mkwe alimtazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Tangu siku hiyo alikuja na kibuyu na kukipeleka mwenyewe ng'ambo ya ua. Minza hakunyweshwa tena. Na usiku ule Mpishi alimpikia mlenda kwa karanga na saumu, mama mkwe akaniuliza samli nimeipata wapi. Nilifurahi, nikamwongezea mlenda.

Kwa miaka minane mambo yakaenda hivyo. Minza akawa mrefu kuliko mimi. Akafaulu darasa la saba, akachaguliwa shule ya bweni, mbali. Hapo hofu yangu ikarudi yote. Kwa miaka minane mtoto alikuwa amekula kutoka mikono ya watu wawili tu, yangu na ya Mpishi. Sasa angekula kutoka jiko la watu wasiomjua, wenye sufuria kubwa na haraka nyingi, na nisingekuwepo. Barua ya daktari tulikuwa nayo, na mkuu wa shule alikuwa ameahidi kwamba mpishi mmoja atampikia pembeni. Lakini ahadi haikai jikoni saa ya kupakua. Nilikuwa karibu kukataa asiende.

Nilimwendea Mpishi nikamwomba afunge safari, akazungumze na wapishi wenzake kule shuleni. Yeye mwenyewe alikuwa anajiandaa kuhamia Chato kwa binti yake, macho yalikuwa yamefifia na kioo cha kukuzia hakikumsaidia tena.

"Siendi," alisema. "Nikienda watanisikiliza wiki moja. Jumapili mleteni huyo mtoto ale kwangu."

Jumapili baada ya misa tulikwenda. Alikuwa ameandaa meza barazani, kitambaa kimepigwa pasi. Akatoa sahani ya wali na mchuzi wa sato, mzito, unang'aa, harufu ya saumu imejaa mpaka njiani. Akaiweka mbele ya Minza peke yake. Minza akamshukuru, akanawa, akatia mkono, akakusanya tonge. Tonge lilikuwa linakaribia mdomo Mpishi alipomshika mkono.

"Hujauliza," alisema.

Minza akacheka. "Babu, si ni wewe?"

"Uliza."

"Umeweka nini?"

"Wali. Sato. Nyanya, saumu, mafuta ya alizeti. Na kijiko kimoja cha unga wa ngano, wa kuufanya mchuzi uwe mzito."

Minza aliachia tonge. Mimi nilisimama, kiti kikaanguka. Sikumbuki vizuri nilichosema, ila nakumbuka nilisema mengi, na heshima haikuwemo. Kwamba amezeeka vibaya, kwamba angechelewa kidogo tu mtoto angekuwa amemeza. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Aliniacha nimalize.

"Kule kambini," alisema, akimtazama Minza, sio mimi, "palikuwa na injinia mmoja mzungu, tumbo lake kama lako. Mwanzoni aliuliza kila sahani, na mimi nilimjibu kila sahani. Baadaye tukawa marafiki, akaacha kuuliza. Siku moja mchuzi ulikuwa mwepesi, wageni wamefika, mkono wangu ukaenda kwenye ngano. Nilijua. Nikasema kijiko kimoja hakiui. Akaugua wiki nzima. Akaniuliza kama kulikuwa na ngano, nikakana. Akaniamini. Sijamwambia mtu habari hii."

Kumbe ndiyo maana ya kuku wa mashine, nikawaza, na ndiyo maana ya kioo. Hasira yangu haikuisha, lakini ilikosa pa kukaa.

"Usiyemjua utamuuliza, najua," aliendelea. "Atakayekuumiza ni yule unayempenda. Mpishi wa kule atakuwa mtu mwema, atakuita mwanangu. Muulize. Nami niulize."

Aliondoa ile sahani, akaingia ndani, akarudi na nyingine. Wali uleule, sato yuleyule, mchuzi mwepesi kidogo. "Huu ndio wako," alisema. "Chungu chake, meko yake."

Minza alinawa upya. Nilidhani atakula, maana sote tulikuwa tumechoka na tulitaka jambo hilo liishe. Hakugusa sahani.

"Umeweka nini, babu?"

"Wali, sato, nyanya, saumu, alizeti. Unga wa muhogo."

"Ngano?"

"Hakuna."

Minza akautazama mchuzi. "Umekorogea mwiko gani?"

Mpishi akageuka polepole kuelekea jikoni. Mlango ulikuwa wazi na sote tuliona: vyungu viwili, kila kimoja kwenye meko yake, na mwiko mmoja tu, umelazwa juu ya kifuniko cha chungu cha kwanza, ule mchuzi mzito ukiwa bado umekaukia kwenye bapa lake.

Hakuwa ametupima mara ya pili. Uso wake uliniambia hivyo kabla hajasema lolote. Mzee alikuwa amesahau kweli. Mikono yake ilianza kutafuta kitu cha kushika juu ya meza, nami, niliyekuwa nimemtukana dakika chache nyuma, nilimwonea huruma.

Minza aliisogeza sahani taratibu mpaka katikati ya meza, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba.

"Asante babu. Hii nayo siwezi."

Mpishi alikaa chini. Alimtazama muda mrefu kwa macho yale yaliyofifia, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Minza," alisema, "mfungie mtoto sanduku. Aende shule."